Barua ya maombi ianzie kwenye ganda la korosho

Wiki iliyopita niliombwa kusoma barua tatu za maombi. Zote za vijana wa huku Kusini, wawili wa Mtwara na mmoja wa Lindi, wanasoma uhandisi Dar es Salaam na Mbeya, na wote wanatafuta nafasi ya miezi miwili mitatu kwenye maabara za vyuo vya nje. Barua zote tatu zilianza kwa maneno yaleyale: tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya teknolojia. Nilizisoma hadi mwisho nikitafuta mahali mwandishi anaposema ametoka wapi, ameshika kitu gani kwa mikono yake, amejiuliza nini. Sikupaona. Mmoja wao mama yake anabangua korosho Newala, najua kwa sababu nimezila. Kijana huyo ameandika kwamba anataka kutafiti roboti na akili mnemba.

Roboti ni fani nzuri, na atakayeisomea nitafurahi naye. Lakini mdogo wangu huyu hajawahi kugusa roboti hata moja, na profesa aliyeko ng'ambo, mwenye barua mia mezani, atalijua hilo kabla hajafika aya ya pili. Wakati huohuo kuna jambo analolijua tangu anatambaa ambalo profesa yule hajawahi kuliona kwa macho.

Mimi naamini hivi: kijana wa Kusini anayeomba nafasi ya utafiti nje aanze na swali la nyumbani kwao. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo barua pekee ambayo hakuna mwingine duniani anayeweza kuiandika.

Chukua hilo ganda la korosho. Mama akikaanga korosho kwenye karai, mafuta meusi yanatoka, yanaruka, yanaunguza ngozi. Ndiyo maana wabanguaji wanajipaka majivu mikononi, na bado vidole vinababuka. Wakemia wameshayachambua mafuta hayo: sehemu kubwa ni asidi ya anakadiki, ambayo ikipata moto hugeuka kadanoli, na kadanoli ni malighafi ya rangi, gundi na pedi za breki za magari. Sasa korosho yetu nyingi inauzwa ghafi mnadani, inapanda meli kwenda India na Vietnam na ganda lake. Hapo maswali ya uhandisi hayapungui kumi. Moto wa kiasi gani unatosha kutoa mafuta bila kuharibu kiini? Ganda likichomwa kama kuni linatoa joto kiasi gani, na ule moshi wake mkali udhibitiwe vipi? Mashine gani inaweza kupasua korosho za ukubwa tofauti bila kuzivunja, kwa bei ambayo kikundi cha akina mama kitaimudu? Mhandisi mitambo ana kazi hapo, wa kemikali ana kazi, wa vifaa ana kazi.

Wa Lindi na Kilwa naye asiseme hana korosho. Ana mashamba ya chumvi yanayotegemea jua na upepo tu. Ana visima vya pwani ambavyo maji yake yana chumvi. Aliyekulia Mikindani ameona bati linavyoliwa na hewa ya bahari, na suala hilohilo la kutu ndilo linalowakosesha usingizi watu wa mabomba ya gesi, iwe Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982 au Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974. Tumekua tukisikia habari za gesi kama habari za siasa. Ni habari za chuma pia.

Nikifikiria hili huwa nakumbuka mjusi wa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dainosaria kule Lindi, na aliyefahamika kama msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mababu zetu waliibeba mifupa ile kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi mmoja amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mikono iliyofukua ilikuwa yetu. Maswali yakaulizwa na wengine, na majibu yakaandikwa kwa lugha ambayo waliobeba hawakuijua. Sitaki kijana wetu wa leo aende maabara ya Ulaya akawe mikono tena. Aende na swali.

Nimeyaona haya kwangu mwenyewe. Niliomba mara tatu. Mara mbili za kwanza barua yangu ilikuwa kama hizi tatu, na sikujibiwa chochote zaidi ya shukrani. Mara ya tatu niliandika kuhusu maji ya kwetu: uwanda wa Makonde uko juu, chemchemi ziko chini bondeni, na maji yanasukumwa kwa pampu kupanda mlima. Pampu ikisimama, ndoo zinatembea. Nikapata nafasi ya miezi mitatu Japani. Siku ya kwanza profesa aliniuliza maji yanapanda mita ngapi na pampu inakula umeme kiasi gani. Nilijua uzito wa ndoo kichwani, sikujua mita. Swali lile liliniuma kwa wiki nzima, na limenifundisha kuliko somo lolote la hidroliki.

Kwa hiyo nawaambia wadogo zangu: pimeni kabla ya kuandika. Likizo hii ukiwa nyumbani, azima mizani dukani. Pima kilo kumi za korosho ghafi, zibangue na mama, pima kiini, pima maganda. Rudia mara tano, andika kwenye daftari, tarehe na hali ya hewa. Ukiandika kwenye barua kwamba umefanya hivyo na hiki ndicho ulichokipata, na hapa ndipo ulipokwama kwa kukosa kifaa, umeshajionyesha kuwa mtafiti. Maabara yao ndiyo yenye kifaa unachokikosa. Ombi lako linakuwa na sababu.

Najua kinachowazuia wengi ni malezi. Tumefundwa kwamba mbele ya wakubwa mtu hajisifu, na tumeambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo naipenda, ila kwenye maombi inatuponza. Kizuri kilicho Tandahimba hakijiuzi kwa mtu aliyeko Zurich asiyejua Tandahimba ni wapi. Kusema nilipima, nilitengeneza, nilikosea nikarudia, huko ni kutoa ushahidi. Hata mzee barazani akiulizwa shamba lake lina mikorosho mingapi anataja idadi, na hakuna anayemwita mwenye majivuno.

Kuhusu pa kuomba, nitaje machache ninayoyajua. Vyuo vikuu viwili vya sayansi na teknolojia, OIST ya Okinawa, Japani, na KAUST ya Saudi Arabia, vinapokea wanafunzi wa nchi zote na kugharamia nauli na malazi, na havijajifunga kwenye kiangazi cha Ulaya pekee. CERN ya Geneva, maabara kubwa ya fizikia ya chembe, ina programu ya kiangazi inayochukua pia wanafunzi wa uhandisi kutoka nchi zisizo wanachama, ukiwa umemaliza walau miaka 3 ya chuo. Ile REU ya Marekani, programu ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, inayosambazwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp ni ya raia na wakazi wa kudumu wa huko; usiipotezee usiku wako. RISE ya Ujerumani, programu ya aina hiyohiyo, nayo ni ya wanaosoma Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Soma masharti ya uraia kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kiangazi chao kinaanza Juni, sisi mitihani ya muhula wa pili inaweza kufika Julai, halafu inafuata PT, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Ongea na idara yako mapema kama wiki za maabara ya nje zinaweza kuhesabiwa kuwa PT, na upate jibu kwa maandishi. Jambo jingine dogo: GPA yetu, yaani wastani wa alama za chuo, inahesabiwa juu ya 5. Fomu nyingi zinadhani ni 4. Andika 4.4 kati ya 5, usijibadilishie mwenyewe.

Sasa pasipoti, hapa ndipo nilipowaona wengi wakidondoka mlangoni. Ada yake ni shilingi 150,000, na kwa mtoto wa mkulima kabla ya msimu hizo si fedha za kuokota. Lakini fedha si mlima mkubwa kama karatasi. Unatakiwa uwe na kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha mzazi. Wazazi wetu wangapi wa Nanyumbu au Liwale walizaliwa hospitali wakaandikiwa cheti? Mzazi akikosa cheti inatengenezwa hati ya kiapo, na humo jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye karatasi zako zote. Huku kwetu baba anaitwa Saidi kwenye kadi ya mpiga kura, Saidi Hamisi kwenye kadi ya chama cha msingi, na shuleni mwalimu alimwandika mwanawe jina la babu. Kijana mmoja ninayemfahamu alipata barua ya kukubaliwa mwezi wa nne, akahangaikia majina hadi mwezi wa saba. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Alikuwa na akili kuliko mimi.

Ushughulikie mnyororo huo wa karatasi ukiwa mwaka wa kwanza, hata kama huna unakokwenda. Anza na majina.

Na wadhamini. Darasa la watu mia mbili, mhadhiri hakujui, na huwezi kumwomba asiyekujua akusemee. Mpelekee ripoti yako ya PT na lile daftari la vipimo, muulize swali moja la kweli, rudi baada ya wiki mbili na jibu ulilolipata. Hapo barua yake itakuwa na jambo la kusema.

Yule wa Newala nimemrudishia barua yake na mizani yangu ndogo. Jana usiku amenitumia ujumbe: wamebangua kilo kumi za kwanza, mama yake kasimamia upimaji mwenyewe na kamkatalia asikadirie kwa macho. Wengine wenye barua, mimi niko Mtwara mjini, Jumamosi mchana nina nafasi. Njooni na madaftari.