Unga Umekwisha

Goma, mashariki mwa Kongo, na Muheza, Tanzania, zimepishana saa moja. Kwetu Muheza ikiwa saa nne usiku, kule Goma ni saa tatu. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na ndilo lililoniponza.

Ilikuwa Juni 2013. Mwezi Machi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 2098, tukawekwa brigedi moja sisi Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, tukapambane na waasi, M23 wakiwemo. Ukisikia hivyo utadhani tulishinda tukifyatua risasi. Thubutu! Wiki za mwanzo adui yangu alikuwa jiwe. Kambi ilikaa juu ya uji wa volkano ulioganda. Kigingi cha hema ukikigonga nyundo kinapinda kama kijiko cha bati. Handaki la kufika magotini lilitula siku tatu. Usiku volkano ya Nyiragongo inawaka nyekundu juu kule, kama jiko la mkaa alilolisahau mama ntilie.

Ukishalala chali kwenye kitanda cha kukunja, ndipo nyumbani kunapokujia. Mimi niligoma kurudisha saa yangu ya mkononi nyuma. Niliiacha na majira ya Muheza, nikiitazama tu najua: sasa mama watoto anakanda maandazi, sasa binti anakimbizwa akaoge. Mlio wa simu nao ulikuwa sauti ya binti huyo huyo, niliyoirekodi kabla sijaondoka, siku aliyotumwa na mama yake: "Baba! Baba! Mama kasema unga umekwisha!"

Siku hiyo zamu yangu ya lindo ilikuwa inaisha saa nne usiku, nikamwambia mama watoto anibipu saa nne. Mimi, mjuzi wa saa mbili kwa mpigo, nikasahau kujumlisha.

Simu lindoni ni marufuku. Niliisahau mfukoni. (Sikuisahau.)

Saa tatu kamili afande akaja kukagua. Giza totoro. Nikamsimamisha, akatoa neno la siri, akasogea.

"Hali?"

"Shwari, afande."

"Baba!"

Ikakatika. Mama watoto ana uchungu na vocha, bipu yake haifiki sekunde mbili.

Afande akachuchumaa. "Umesikia? Mtoto huyo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ulimi ukagoma. Na si ajabu aliamini, maana siku zile watu walikuwa wanakimbia vijiji, watoto wanapotezana na wazazi njiani. Mtu tuliyemwogopa kuliko waasi akapiga magoti, akaanza kutambaa juu ya mawe yale makali huku akinong'ona kwa Kiswahili cha Goma: "Mutoto! Uko wapi? Usiogope!"

"Baba! Baba!"

"Yuko karibu!" Akawaita wawili wa handaki la jirani. Sasa tuko watu wanne tunamtafuta mtoto, na mmoja wetu anajua alipo. Huyo ndiye aliyetafuta kwa bidii kuliko wote. Nilifunua hata jiwe.

Mara ya tatu mama watoto, nadhani kwa hasira za kutopigiwa, hakukata.

"Baba! Baba! Mama kasema unga umekwisha!"

Na paja langu la kulia likawaka taa.

Wale wawili walilala kifudifudi, si kwa kujikinga, walikuwa wanang'ata mikono wasicheke. Afande akainuka polepole. Suruali ilikuwa imechanika goti la kushoto. Nilitamani anifokee.

"Ni mtoto wako?"

"Ndiyo, afande."

"Na huo unga, umenunua?"

"Ule ulishanunuliwa, afande. Ni wa zamani."

Akaniangalia muda mrefu, kisha akanyoosha mkono nimpe simu.

Wiki nzima nilibeba mawe ya kuzungushia hema lake. Ila jioni iliyofuata, tulipopanga mstari kwa zamu za usiku, sajini alitutangazia neno jipya la siri, uso mkavu kabisa: mlinzi aseme "Unga," na anayekuja ajibu "Umekwisha."