Kabla hatujazifungia filamu za enzi ya UKIMWI

Mwaka 2020, Wamarekani walipogombania filamu ya Gone with the Wind, wengi wetu tulifuatilia ugomvi ule kama habari za watu wa mbali. Filamu hiyo ya mwaka 1939 inawaonyesha watumwa weusi wakiwa wameridhika na hali yao. HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, iliiondoa kwa muda, kisha ikairudisha ikiwa na utangulizi wa maelezo. Swali lililozuka pale, kwamba kazi ya zamani ihukumiwe kwa maadili ya lini, sasa limefika Nyanda za Juu Kusini na limetushika panapouma: filamu zetu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizohusu UKIMWI.

Filamu hizo bado zinatembea. Zilitoka kwenye kanda zikaenda kwenye CD, zikaingia kwenye flashi na YouTube, na ukisafiri na basi kati ya Mbeya na Dar es Salaam bado unaweza kuwashiwa moja mkiipita Makambako, abiria wanapoanza kusinzia. Wanaotaka zikome, wengi wao vijana wa kada ya afya na watu wanaoishi na VVU, wana hoja nyepesi kueleweka: filamu zile zinamchora mwenye virusi kama maiti anayesubiri jeneza, na ugonjwa kama malipo ya dhambi. Leo mtu anameza dawa, anazaa mtoto asiye na maambukizi, anaona wajukuu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa. Iweje basi tuendelee kuuonyesha kama burudani ya safari? Upande wa pili unajibu kwamba kila kazi ina wakati wake, na hatuwezi kuwavua heshima waliotengeneza filamu kwa mkopo wa kamera kwa sababu tu sisi tumezaliwa baadaye.

Jibu hilo la pili hudharauliwa haraka mno, hata na watu ninaowaheshimu. Huchukuliwa kama utetezi wa wazee wasiotaka kukosolewa. Nadhani lina uzito kuliko hata wanaolitoa wanavyojua, na uzito huo uko kwenye takwimu za mikoa yetu wenyewe.

Turudi kwanza kwenye filamu zenyewe. Ukitazama tatu au nne umezijua nyingi. Msichana anatoka kijijini, anampata mwanaume mwenye gari, anabadili nguo na marafiki, anamjibu mama yake vibaya. Kisha kikohozi. Dakika kumi za mwisho yuko kwenye mkeka, uso umepakwa unga ili uonekane umepauka, shingo imefunikwa kwa shuka kuficha kwamba mwigizaji ana afya yake. Mama anampepea kwa khanga. Kinanda kinalia bila kupumzika. Halafu udongo mbichi, msalaba wa mbao, na maandishi ya kutuonya.

Kijana wa miaka 22 akiiona hiyo leo anasema: uongo mtupu, hakuna anayekufa hivi. Kwa leo, yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2003 hadi 2004 ulikuta asilimia 7 ya Watanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi. Mbeya ilikuwa asilimia 13.5, Iringa asilimia 13.4, na hakuna mikoa mingine iliyoifikia hiyo miwili. Iringa ya wakati huo ilibeba pia Njombe, Ludewa na Makete, kwa kuwa mkoa wa Njombe ulikuja kuundwa mwaka 2012. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwishoni mwa mwaka 2004, tena kwa kuanzia hospitali kubwa, na kwa miaka mingi mtu alisubiri kinga yake ishuke sana ndipo aanzishiwe. Kwa hiyo aliyekaa Tukuyu au Bulongwa mwaka 2003 na kusikia ana virusi hakuwa na kidonge cha kungojea. Kwenda kituo cha Angaza kupima kulikuwa kwenda kuuliza tarehe ya kufa.

Ndiyo maana naomba tuende polepole tunapoziita filamu hizo katili. Aliyepaka unga usoni mwa mwigizaji hakubuni kifo kile. Alikuwa amekiona kwa shangazi, kwa mwalimu, kwa kondakta wa lori. Makete ilijulikana nchi nzima kwa yatima wake, kwa nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu, wa kati hakuna. Wanaume waliotoka huko kwenda kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na kwenye mbao za Sao Hill walirudi wakiwa wagonjwa, na wake zao wakafuata. Kumwambia mtu aliyezika ndugu watatu ndani ya miaka miwili kwamba filamu yake ilipaswa kumwonyesha mgonjwa akicheka na kupanga maisha ni kumtaka aeleze dunia ambayo hakuwa amepewa.

Sasa nenda mbele miaka 20. Utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7, Iringa asilimia 11.1, Mbeya asilimia 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Makundi ya umri yaliyopimwa yanatofautiana kidogo, kwa hiyo tusizilinganishe tarakimu kwa rula. Hata hivyo mtu anayetazama juu juu atasema: mikoa ileile, namba zinazokaribiana, basi hakuna kilichobadilika. Nimezirudia namba hizi mara nyingi kwa sababu nadhani ndizo zinazoamua mjadala huu. Kiwango cha maambukizi huhesabu walio hai. Asilimia 13 ya mwaka 2003 ilikuwa watu wengi walioelekea kaburini ndani ya miaka michache, na nafasi zao zikijazwa na walioambukizwa upya. Asilimia 12.7 ya Njombe ya juzi imejaa watu wanaopalilia viazi, wanaopasua mbao, wanaofundisha darasa la nne, walioanza dawa miaka kumi na mitano iliyopita na hawakufa. Maambukizi mapya hayajaisha, sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba namba inayokaribiana na ile ya zamani leo inahesabu kwa sehemu kubwa waliookoka, na wakati ule ilihesabu waliokuwa wanaondoka.

Filamu ile ya mkekani, basi, ilisema kweli mwaka 2003 na inasema uongo mwaka huu, bila picha hata moja kubadilishwa. Kosa haliko kwenye mkanda. Liko kwa anayeuwasha bila kutaja mwaka.

Marekani nako wana mfano wa namna hiyo. Philadelphia ya mwaka 1993, iliyompa Tom Hanks tuzo ya Oscar, inamhusu mwanasheria anayefukuzwa kazi kwa sababu ya UKIMWI, na mwishoni anakufa. Mchanganyiko wa dawa uliobadilisha ugonjwa ulikuja mwaka 1996. Kifo cha mwanasheria yule ni alama ya mwaka, na watazamaji wengi wanaielewa hivyo. Wasanii wetu wanastahili kusomwa kwa uvumilivu uleule.

Hapo utetezi wangu unafika mwisho, kwa sababu filamu hizo zina jambo la pili ambalo ukosefu wa dawa hauliombei msamaha. Kwa nini karibu kila mara ni msichana? Kwa nini kikohozi kinaanza mara tu baada ya sketi fupi, na mwanaume mwenye gari anatoweka kwenye hadithi akiwa mzima? Wengine husema hayo ndiyo yalikuwa maadili ya wakati ule. Ya nani? Filamu ya Kimarekani ya The Birth of a Nation ya mwaka 1915, inayowadhalilisha watu weusi, hutetewa vilevile, wakati NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kiliipinga mwaka uleule ilipotoka. Wamarekani weusi nao walikuwa watu wa mwaka 1915. Zamani yoyote ina watu wengi ndani yake, na tunapoitaja mara nyingi tunawahesabu waliokuwa na kamera tu.

Kwetu ushahidi uko karibu zaidi. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Aliyekuwa mfano mbaya mle ndani ni Mkwaju, dereva wa lori, mwanaume mwenye wanawake kila kituo, na virusi vikamfuata yeye. Mkewe Tunu ndiye aliyeamka, akaanza kujitegemea kwa biashara yake. Watu wa barabara ya TANZAM, iendayo Zambia, walimwelewa Mkwaju bila kufafanuliwa, maana walimwona Ilula, Mafinga na Tunduma kila siku. Kwa hiyo miaka kumi kabla ya filamu zile, Watanzania wengi walikuwa wameshaanza kusikia hadithi ambayo haikumsukumia binti wa kijijini mzigo wote. Na mwaka 2004, mkanda wetu wa mkekani ukiwa sokoni, Afrika Kusini ilitoa Yesterday, filamu ya Kizulu kuhusu mwanamke wa kijijini aliyeambukizwa na mumewe anayefanya kazi migodini. Anaugua, mume anaugua kumzidi, anamuuguza kwa mikono yake huku majirani wakiwatenga, na filamu haimdai toba yoyote. Hawakuwa na dawa za kutosha hata wao. Walikuwa na macho tofauti.

Ndiyo maana nazitenganisha hukumu mbili. Kifo kile, woga ule, mgonjwa aliyekata tamaa: hapo nahukumu kwa kipimo cha mwaka 2003, na kwa kipimo hicho filamu zetu ni kumbukumbu ya msiba ambao vitabu vyetu vimeuandika kwa uchache sana. Lawama kwa msichana: hapo hata kipimo cha mwaka 2003 kinawakuta na hatia, kwa sababu kulikuwa na wenzao, redioni na kwenye filamu, walioona vizuri zaidi kwa mwanga uleule.

Wanaotaka zifungiwe wana jambo moja ambalo siwezi kulipita. Mwanamke mmoja wa Ilula aliwahi kunieleza anavyosafiri na dawa zake. Anajaza pamba ndani ya kikopo ili vidonge visigongane mkoba ukitikisika. Saa ya dozi ikimkuta ndani ya basi, anainamia mkoba kana kwamba anatafuta chenji, anameza na mate. Siku moja kwenye runinga ya basi msichana wa mkekani alikuwa anakata roho, na vijana wa viti vya nyuma wakapiga kelele, "Ngoma hiyo!" wakimaanisha UKIMWI. Yeye alikuwa na kikopo mapajani. Kwa mtu huyo, maelezo yangu ya mwaka na takwimu hayana msaada wowote dakika ile. Naye amekaa siti ya dirishani, na safari ni ya saa nyingi.

Hata hivyo kufuta ni dawa mbaya. Tukiziondoa filamu hizi kwenye YouTube, mtoto wa Makete aliyezaliwa mwaka 2010 atabaki na kaburi la babu bila kujua kilichomuua, na atakuja kudhani watu wa wakati ule walikuwa waoga tu. Kinachowezekana ni kidogo na cha bei nafuu. Wenye chaneli waweke mwanzoni maandishi na sauti: filamu hii ilitengenezwa mwaka fulani, kabla dawa hazijasambaa, leo anayetumia dawa kwa uaminifu anaishi maisha marefu, na virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Disney walifanya jambo linalofanana mwaka 2020 kwenye Dumbo ya mwaka 1941 na Peter Pan ya mwaka 1953, na hakuna aliyefilisika. Bodi ya Filamu, inayopanga filamu kwa madaraja ya umri, inaweza kulidai hilo kwa kila mkanda wa zamani unaowekwa upya sokoni. Na kwa filamu zinazomtwisha msichana lawama, maelezo hayo yataje pia kwamba Mkwaju alikuwa ameshasikika redioni miaka kumi nyuma.

Basi ni suala jingine. Aliyeingia banda la video Mwanjelwa, jijini Mbeya, alilipa kiingilio chake, alijua anachokwenda kuona, na angeweza kutoka. Abiria amelipa nauli ya kufika. Wenye mabasi wawashe vichekesho, mpira au muziki wa injili, na filamu hizi waziache kwa anayezitafuta mwenyewe.