Sikulia, Niliita Tu

Jamaa yangu mmoja, simtaji ila anajijua, ameshasambaza voisi kwenye magrupu kwamba redio ya mkwe wangu ilinirusha hadi nikalia. Uongo mtupu. Sikulia. Ngojeni niisimulie mwenyewe kabla haijavuka maji kwenda Unguja.

Redio yenyewe ni ile risiva baba mkwe aliyokuja nayo kutoka Maskati miaka ya 80, nzito kama beberu. Ugonjwa wake mmoja: LUKU ikiisha, umeme ukirudi imesahau stesheni zote. Mzee anaanza upya kuitafuta TBC Taifa, na taarifa ya habari inampita.

Nikajitia fundi. "Baba, hii ni kapasita tu." Na hapo, msicheke bado, nilikuwa sahihi. Ndani mna kapasita ya akiba, duara kama sarafu, volti 5.5, faradi 0.047. Ndiyo inayoilisha kumbukumbu chaji kidogo kidogo umeme ukikatika. Ikishazeeka haishiki kitu. Nikapata mpya Kariakoo.

Jumamosi alasiri, mashemeji wote mkekani, kahawa na kashata zimetengwa. Nikazima redio, nikachomoa waya ukutani, nikailaza kifudifudi, nikafungua bati la chini. Nikatangaza: "Umeme nimeshautoa. Humu sasa hata mtoto anashika."

Mafundi mliomo humu, najua mmeshashika vichwa. Kwa wengine: mle ndani mna kapasita nyingine mbili, kubwa kama makopo ya nyanya, mikrofaradi 10,000 kila moja. Hata ukichomoa waya, zinaweza kubaki na chaji yao. Unangoja, unapima kwa mita, iliyobaki unaimaliza kwa rezista. Mita ninayo. Ilikuwa begini, zipu imefungwa.

Basi nikawa naelekeza kwa bisibisi, kama mwalimu na fimbo yake ubaoni. "Baba, unaona pale..." Jasho mkononi. Bisibisi ikaanza kuteleza. Niliiona. Ncha ikashuka polepole, ikapita juu ya risasi za kuchomelea zinazong'aa, ikalala juu ya miguu miwili ya lile kopo.

PAA!

Cheche nyeupe. Harufu ya chuma kilichoungua. Bisibisi ikaenda zake, nami nikaenda zangu kinyumenyume. Na mdomo, ambao sikuutuma, ukapiga ukelele:

"MAMAAAA!"

Kimya. Shemeji mdogo akaacha kutafuna. Halafu kutoka jikoni, kwa upole kabisa, sauti ya mama mkwe:

"Abee, baba! Nakuja!"

Akaja kweli, mwiko mkononi unadondosha mchuzi. "Umeniita?"

Mimi hapo nimekaa. Nimekaa juu ya sinia la kashata. Watu wazima wote wananitazama, nami nikasema kitu pekee kilichonijia:

"Nilikuwa naomba maji."

Akaniletea. Nikayanywa yote, glasi nzima, nikiwa palepale juu ya kashata.

Mengine mafupi. Jumapili nikarudi na mita mkononi, nikapima, nikachomelea kapasita mpya, chanya kwa chanya. Jumanne LUKU ikaisha, ikarudi, stesheni zote zipo. Bisibisi yangu ina pengo kwenye ncha. Mzee kaiweka kabatini na vikombe vya wageni.

Jana nilipita kwao. Hata hodi sijapiga, nimekohoa tu mlangoni.

Jikoni: "Abee!"