Kabla ya bei ya nyumba, ulizia maji

Kiangazi cha 2023 ndicho kilichotuamulia. Siku 31 mfululizo joto la mchana hapa Phoenix, Arizona, lilifika nyuzi 43 au kuzidi, na hata saa tano za usiku ukigusa ukuta wa nje unakuta bado una moto. Kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusishwa na joto mwaka ule. Mzee wangu, ambaye amekwisha kufanyiwa upasuaji wa moyo, alikaa ndani karibu miezi mitatu kama mtu aliyefungiwa. Jioni moja akaniambia, "Mama watoto, hapa si pa kuzeekea."

Najua jibu ambalo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunalo tayari: turudi nyumbani. Sisi tuna nyumba Tanga, haina deni. Lakini Medicare, ile bima ya afya inayoanza mtu akitimiza miaka 65, hailipii matibabu ya Tanga wala Mombasa, na mtu mwenye moyo mbovu hawezi kuliacha hilo hivihivi. Wajukuu nao wako huku. Ndipo tukaanza kuzunguka na gari, Arizona na New Mexico, kutafuta mji mdogo mtulivu ambao mafao yetu yataumudu.

Tulianza vibaya, kama wanavyoanza wengi: tuliulizia bei. Bei za huko mbali na Phoenix zinapendeza kweli. Karibu na Willcox, kusini mashariki mwa Arizona, dalali alituonyesha ekari kadhaa na nyumba ya kuhamishika kwa fedha ambayo Phoenix isingenunua hata chumba. Pametulia, milima kwa mbali, nyota usiku mpaka unasahau umri wako. Nikamuuliza maji yanatoka wapi. Akasema kisima. Kina urefu gani, na cha jirani kikoje? Hapo akabadilisha mazungumzo.

Bonde lile limechimbwa visima virefu vya mashamba makubwa, ya lishe ya ng'ombe wa maziwa na miti ya karanga za pekani na pistachio. Visima vifupi vya wenyeji vimekauka kimoja baada ya kingine, na mahali pengine ardhi imetitia na kupasuka. Sheria ya maji ya ardhini ya Arizona ni ya 1980, lakini ililinda hasa maeneo ya miji kama Phoenix na Tucson. Bonde la Willcox liliwekwa chini ya usimamizi mwishoni mwa 2024 tu. Mstaafu aliyenunua hapo miaka kumi iliyopita alinunua nyumba. Maji hakununua, ingawa hakuambiwa hivyo.

Na msidhani ni mambo ya maskini wa mashambani. Rio Verde Foothills ni kitongoji cha nyumba nzuri, jirani kabisa na Scottsdale. Mamia ya kaya pale zilikuwa zikiletewa maji kwa maboza yaliyojazwa kwenye bomba la Scottsdale. Tarehe 1 Januari 2023 mji ule ukafunga bomba, ukisema maji yake ni ya wakazi wake. Watu wenye nyumba za thamani wakawa wanakinga maji ya mvua kwa ndoo na kula kwenye sahani za karatasi. Sisi tuliokua tukisubiri foleni ya bomba tunajua hiyo ni fedheha gani, na uzeeni ni hatari.

Baada ya maji, hospitali. Nimewauguza wazee majumbani mwao kwa miaka kumi na mitatu, upande wa Sun City, ule mji wa wastaafu aliouanzisha mjenzi Del Webb mwaka 1960, na nimeona namna saa moja inavyotofautisha mgonjwa anayerudi nyumbani na asiyerudi. Bisbee, kusini mwa Arizona, niliipenda sana. Ni mji wa mgodi wa shaba uliofungwa 1975, nyumba zikaporomoka bei, wasanii wakaja kuzinunua, na leo umejaa rangi na ngazi za zege zinazopanda vilima. Ngazi hizo! Magoti yangu yalinipa jibu kabla ya akili. Daktari bingwa wa moyo utamfuata Tucson, karibu kilomita 150. Silver City kule New Mexico ni pazuri zaidi bado, mwinuko wake kama mita 1,800, sawa na Nairobi, na hewa yake ilinikumbusha asubuhi za Nairobi. Msitu wa Gila uko mlangoni. Kwa mtu mzima wa afya ningesema nenda leo. Kwa mzee wangu, ambaye akizidiwa atahitaji helikopta, hapana.

Kuna jambo jingine ambalo watu wetu hawaambiwi. Arizona kuna ugonjwa wa mapafu wanaouita homa ya bonde. Si ile homa ya Bonde la Ufa tunayoijua kwa mifugo. Huu unaletwa na kuvu anayeishi udongoni na kupeperushwa na vumbi, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa nimonia tu wiki nyingi. Sisi watu weusi tuko kwenye hatari zaidi ya kupata aina yake kali inayosambaa mwilini. Ukihamia jangwani ukakohoa majuma matatu, mwambie daktari mwenyewe akupime. Usingoje akumbuke.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ukichukua mafao ya Social Security, yaani mafao ya uzeeni ya serikali, kwenye miaka 62, na umezaliwa 1960 au baadaye, unapoteza asilimia 30 ya kiwango chako kamili maisha yako yote, na bado una miaka mitatu bila Medicare. Arizona haitozi kodi ya jimbo kwenye mafao hayo. New Mexico nayo imewasamehe wengi tangu 2022, mtu mmoja akiwa na kipato kisichozidi dola 100,000. Kwa watu wa kipato chetu, kodi isiwe sababu ya kuchagua jimbo.

Tumeegemea Las Cruces, kusini mwa New Mexico. Ni mji wa watu zaidi ya 110,000, si kijiji, lakini saa mbili usiku barabara zimetulia. Una chuo kikuu, una hospitali zaidi ya moja, na El Paso ya Texas, yenye madaktari bingwa wengi, haifiki mwendo wa saa moja. Uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo kiangazi ni kikali lakini usiku unapumua. Sitawaficha: tulipokwenda Machi, upepo ulivumisha vumbi siku nzima mpaka milima ya Organ ikatoweka. Mto Rio Grande unaopita pale ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Mji unakunywa maji ya ardhini, na Texas iliishtaki New Mexico juu ya mto huo mwaka 2013. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa makubaliano yao mwaka 2024. Tofauti na Willcox ni kwamba hapa kuna mamlaka ya maji yenye jina, ofisi na mikutano ya hadhara, na mimi nitahudhuria.

Kwa sababu hiyo hatununui. Tunapanga nyumba mwaka mzima kwanza, tuuone Juni na tuuone Machi.

Kinachonilaza macho ni watu. Phoenix nikiugua nina kina mama wa Kikongo, Kirundi na Kikenya watakaofika na uji kabla sijawaita. Nimewafulia shuka wazee wengi wenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba ambao wiki nzima hawakusikia hodi isipokuwa yangu, na utulivu wa namna ile siutaki. Las Cruces Waswahili ni wa kuhesabu. Kutoka Phoenix ni saa sita za barabara. Mzee wangu, ambaye hakuweka masharti mengine yoyote, ameweka hili moja: nyumba tutakayopanga iwe na chumba cha tatu, chenye vitanda viwili, na funguo yake moja abaki nayo dada yangu huku.