Kilichozoea kelele ni ubongo, sikio halijazoea

Muulize fundi geti wa Buguruni, konda wa daladala la Gongo la Mboto, au muuzaji wa Kariakoo anayeshinda pembeni ya spika inayorudia bei ileile tangu asubuhi: kelele zote hizi hazikuumizi? Utajibiwa, "Nimeshazoea." Anasema kweli, ila hajui ni kiungo gani kilichozoea. Ubongo umezoea. Sikio linaendelea kupigwa kama siku ya kwanza.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hutikisa ngoma ya sikio, ngoma husukuma vifupa vitatu (nyundo, fuawe na kikuku), na kikuku hugonga mlango wa koklea, mfereji mdogo uliojiviringa na kujaa majimaji. Humo zimo seli za vinyweleo. Za safu ya ndani ni kama 3,500 kwa kila sikio, nazo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za safu za nje ni kama 12,000, na kazi yao ni kukuza sauti ndogo. Zinazopokea sauti nyembamba ziko karibu na mlango, za sauti nene ziko mwisho kabisa. Kelele kubwa ikidumu, vinyweleo hupinda na kukatika, kisha seli hufa. Kwa binadamu hazioti tena.

Kinga ya asili ipo, ila ni dhaifu. Msuli mdogo ulioshikana na kikuku hujikaza sauti kubwa inapoingia. Tatizo ni kwamba huchelewa kidogo, kwa hiyo mlipuko huupita, na hupunguza zaidi sauti nene. Grainda inayokata bomba hutoa mlio mwembamba, hapo msuli huo haumfai fundi kitu.

Kwa nini basi mtu ajione kazoea? Ubongo hujali mabadiliko. Mlio usiobadilika, usio na habari mpya, hupuuzwa. Na seli zinapopungua, ubongo hufanya jambo la ajabu zaidi: hujaza pengo bila kukuambia. Mwaka 1970 mtafiti Mmarekani Richard Warren alifuta sauti moja katika neno lililorekodiwa, akaweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walisikia neno zima, na hawakuweza kuonyesha kikohozi kilikaa wapi hasa.

Ufundi huo ndio unaomficha mgonjwa ugonjwa wake. Kelele huanza kula usikivu kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 3,000 na 6,000, hasa karibu na 4,000, na sauti kama s, f na sh hutegemea sana eneo hilo na la juu yake. Irabu zina nguvu na ziko chini, kwa hiyo zinabaki. Matokeo yake mtu husema, "Nasikia vizuri, ila sielewi." Kwake "fika" na "shika" zinafanana. Nyumbani kukiwa kimya ubongo hukisia kutokana na sentensi na midomo ya msemaji. Msibani au baa, watu wakiongea kwa pamoja, makisio hayo hushindwa, naye hulaumu vijana wa siku hizi kwamba wanamung'unya maneno.

Kuna wanaojitetea kwamba baada ya kigodoro masikio huziba usiku na kufunguka kesho yake, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba usikivu unaweza kurudi kwenye kipimo cha kawaida huku viungio vingi kati ya seli na neva vikiwa vimekatika moja kwa moja. Kufunguka kwa masikio si cheti cha afya.

Sasa hesabu. Kila desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 zikiongezeka, nishati ya sauti huwa maradufu, hivyo muda salama hupungua nusu. Kwa kiwango cha taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, desibeli 85 ni saa 8, 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15. Grainda ikikata chuma hufika 100 bila shida. Fundi anayeanza saa mbili asubuhi amemaliza posho yake ya siku kabla ya chai. Huna kipimo? Kama mwenzako yuko umbali wa mkono na inabidi upaze sauti ndipo akusikie, chukulia mmevuka 85.

Naona aibu kubwa iko kwa wenye karakana. Miwani na glovu wananunua, angalau wengine, kwa sababu jicho likitobolewa damu inaonekana. Vizibo vya masikio vya sponji ni vya bei ndogo kuliko miwani, na hawanunui. Fundi anajaza pamba, ambayo hupunguza kidogo mno.

Hata kizibo chenyewe kikivaliwa ovyo ni bure. Nawa mikono, kisokote mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kivimbe. Usiamini namba ya paketi. Iliyoandikwa NRR 33 (yaani kizibo kinapunguza desibeli 33), toa 7, gawa kwa 2: unabaki na 13. Desibeli 100 zinakuwa 87, yaani takriban saa 5 na si siku nzima. Zamu za kukata zigawanywe.

Kwa wanaovaa hedifoni kwenye foleni: pangeni sauti mkiwa mahali palipotulia, na msiipandishe ndani ya daladala. Ikimezwa na kelele, zimeni.

Anayetaka kupima usikivu aende asubuhi, akiwa amekaa mbali na kelele angalau saa 14, la sivyo majibu yatakuwa mabaya kuliko hali halisi. Ahakikishe kipimo kinafika hezi 8,000, aombe nakala ya grafu, aitunze ilinganishwe na ya mwakani.