Raba 46, Mawese na Paka wa Jirani

Nasuka watu Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kibandani kwangu kuna sheria ambayo mteja haruki: rababendi zikae kichwani siku 7, zikizidi sana 10, kisha zitoke. Mimi mwenye sheria nilikuwa na raba 46 (za nywele, si za miguuni) kwa wiki ya 3. Kinyozi hajinyoi, na msusi ndiyo kabisa.

Ningezibeba mpaka ziote mizizi, ila Alhamisi jioni shangazi mmoja wa Ujiji akanitumia elfu 10 ya kutangulia, nikamsuke bi harusi wake kesho yake asubuhi. Sasa msusi mwenye mabutu yaliyonyauka nani atamkabidhi kichwa cha bi harusi? Nikasema zinatoka leo leo.

Raba hizi zina kabila mbili. Zile nyeusi mara nyingi ni mpira wenyewe, unaotokana na utomvu wa mti. Zile angavu nyingi ni plastiki. Mpira ukipakwa mafuta unayanywa, unavimba, unalegea; ukiupa dakika 15 unakatika vidoleni kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Plastiki hainywi kitu. Unaipaka, inang'aa, inakutazama. Kwa hiyo nyeusi ni za mafuta na angavu ni za mkasi, na mwenye akili zake hachanganyi kichwa kimoja. Mimi pakiti nyeusi iliniishia kwenye ya 30, nikamalizia mbele kwa angavu 16. Duka lilikuwa hatua ishirini tu kutoka nilipokaa, lakini tuyaache hayo.

Mafuta ya nazi nayo yalikuwa yameisha. Chini ya meza ya jikoni nikaona chupa ya mawese ya mama mkwe. Mafuta ni mafuta, nikajipa moyo. Nikachota vijiko 3 vya chakula, yalikuwa yameanza kuganda, nikayayeyusha viganjani. Hupaki nywele zote kama unayepaka mkate siagi. Unatia kidogo kwenye ncha ya kidole, unasugulia chini ya raba, pale ilipobana, raba moja baada ya nyingine. Nikavaa kofia ya plastiki, nikakaa kusubiri dakika zangu 15.

Dakika ya 5 joto la kichwa likafanya kazi yake, harufu ikapanda.

"Mama, haya mawese ya kwenye chupa..."

"Usiyamwage," akajibu kutoka chumbani. "Nimekaangia dagaa mchana. Yana ladha."

Hapo ndipo umeme ulipokatika.

Nikamwita mtoto wa dada yangu, yuko darasa la 5, ashike tochi ya simu. Kwa zile nyeusi siwezi kulalamika. Mafuta ya dagaa yalizilegeza vilevile kama mafuta ya heshima: unashika butu kwa juu, karibu na shina, ili ngozi isivutwe, kisha unaminya raba kwa kucha mbili, inakatika. Dakika 20, zote 30 chini.

Mtoto akamulika mapajani kwangu. "Mamdogo, unanyonyoka!"

Kweli palikuwa na fungu la nywele linalotosha kumvika kichwa mtoto mchanga. Nikamwonyesha nywele moja karibu na tochi: mwishoni ina kidoti cheupe. Hiyo imeng'oka yenyewe, muda wake umefika. Kichwa cha mtu huangusha nywele 50 mpaka 100 kwa siku, na raba zilizishikilia siku 21, piga hesabu. Ya kuogopa ni ile fupi isiyo na kidoti, kwa kuwa hiyo imekatika katikati, na anayeikata ni mtu anayevuta raba kavu kuelekea nchani. Mpira hautelezi kwenye nywele kavu, unashika na kuondoka nazo. Mtoto akaitikia kwa kupiga miayo.

Zikabaki angavu. Nazijua vizuri. Unapitisha pini ya nywele kati ya raba na nywele, unainua mpaka raba isimame peke yake kama daraja, halafu mkasi mdogo wa kucha, ule wenye ncha iliyopinda, unakata juu ya pini, ncha ikiangalia mbali na kichwa. Raba iliyozungushwa mara 3 huivuti baada ya kuikata. Unaizungusha kinyume mpaka iachie, la sivyo ncha yake inajiviringisha na nywele na mnaanza upya. Wembe sitaki hata kuusikia.

Shida ni kwamba raba angavu iliyolowa mawese, chini ya tochi, haionekani. Inafanana na nywele inayong'aa. Nikaenda kwa kupapasa, kioo mkono huu, mkasi ule, pini mdomoni, nikakata 11 bila tatizo. Ya 12 ilikuwa ya katikati, juu kabisa ya paji la uso. Mtoto akasinzia, tochi ikahamia ukutani, na mimi mkasi ulikuwa umeshaanza safari.

Raba ikikatika inalia *tk*. Hii ililia *kwachu*.

Butu lilikuwa kiganjani kwangu, urefu wa kidole, na raba yake imelifunga vizuri, nzima, haina hata mkwaruzo.

"Hiyo imetoka vizuri, mamdogo," mtoto akasema, amezinduka.

Nne zilizobaki nilizitoa kwa unyenyekevu mkubwa. Nikabandua kwa vidole ile pete ya taka inayojikusanya pale raba ilipokaa, maana ikiguswa na maji kabla haijatoka inakuwa fundo. Nikachana kuanzia nchani kwenda kwenye shina. Mpaka hapo msusi. Kisha, kwa kuwa mkaa ulikuwa umezimika, nikaoshea maji baridi. Mawese kwa maji baridi yanaganda, sabuni inapita juu yake kama mgeni asiyekaribishwa. Yanataka maji ya uvuguvugu na shampuu mara 2, tena kwa kusugua. Nilijua. Nililala.

Alfajiri niliamshwa na kitu chenye ulimi wa msasa kinanilamba sikio. Paka wa jirani alikuwa ameingia dirishani. Foronya nyeupe imegeuka rangi ya karoti. Nikaifua, nikaianika jua kali, na rangi ile haipendi jua, kufikia jioni ilikuwa imefifia. Kichwa huwezi kukianika. Nikapiga kilemba mpaka kwenye nyusi, nikapanda bodaboda.

Ujiji pilau lilikuwa jikoni. Shangazi alipita nyuma yangu mara moja, akarudi, akavuta pumzi.

"Nani anakaanga dagaa kwenye harusi yangu?"

Wapishi wakaapa. Mimi nikainamia kichwa cha bi harusi, nikasema pengine ni upepo wa ziwani. Nikasuka mpaka saa 8 mchana bila kuinua uso.

Wakati wa kuondoka akanihesabia elfu 20 iliyobaki, noti juu ya noti, na juu yake akaweka ndimu mbili.

"Za kichwani hizo, mwanangu."