Fremu na Prosesa ni Mjadala Mmoja

Kila msimu wa simu mpya za daraja la juu ukifika, mabishano huwa yaleyale, na huwa mawili. Upande mmoja wako wanaobishania bodi: titani au aluminiamu, kioo au plastiki, nani kaweka fremu ya maana na nani kabana matumizi. Upande wa pili wako watu wa prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha simu: Snapdragon ya Qualcomm dhidi ya Exynos ya Samsung, Apple dhidi ya wote, picha za alama za vipimo vya kasi zikirushwa huku na kule. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa miaka na bado nayapenda. Ila naona tunayaendesha vibaya, kwa sababu makundi haya mawili hayasikilizani. Anayesifia fremu haulizi chipu iliyo ndani inapumulia wapi. Anayesifia chipu haulizi imevishwa nini. Mimi nashikilia kwamba hayo ni mambo ya kujadiliwa pamoja, na kinachoyafunga pamoja ni joto.

Ukiacha simu chache zilizotengenezwa mahususi kwa wachezaji wa gemu, simu haina feni. Chipu imelehemewa kwenye ubao wa saketi, mara nyingi memori ikiwa imepandishwa juu yake, kisha panafuata karatasi nyembamba ya grafaiti au bamba la shaba, kisha fremu, kisha kioo, kisha kiganja chako. Joto halina njia nyingine ya kutokea. Chipu ya daraja la juu ikisukumwa mpaka mwisho inaweza kuvuta zaidi ya wati 10, wakati bodi ya ukubwa ule huweza kutoa wati chache tu mfululizo kabla haijawa ya moto kiasi cha kushindwa kushikika. Pengo hilo lazima lizibwe, na simu hulizibia kwa kujipunguza kasi. Hapo ndipo namba kubwa iliyotangazwa jukwaani siku ya uzinduzi inapoyeyuka.

Sasa tazama malighafi zenyewe kwa jicho hilo. Aluminiamu ya simu hupitisha joto kwa takriban wati 130 hadi 200 kwa mita kwa kila nyuzi, kutegemea imechanganywa na nini. Chuma kisichoshika kutu ni kama 15. Titani ya gredi ya 5, ambayo ni titani asilimia 90 hivi pamoja na aluminiamu na vanadi, ni kama 7. Kioo ni kama 1, na plastiki ya polikaboneti iko chini zaidi, karibu 0.2. Kwa hiyo malighafi iliyouzwa kwetu kama ya kifahari kuliko zote miongoni mwa metali hizi tatu ndiyo inayopitisha joto vibaya kuliko zote. Sisemi titani haina faida. Ni imara, haishiki kutu, na uzito wake kwa ujazo ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa chuma. iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 ilipotoka kwenye chuma na kuingia kwenye titani, ilishuka kutoka gramu 206 za iPhone 14 Pro hadi gramu 187, na mkono unalihisi hilo mara moja. Lakini Samsung ilipofanya hivyohivyo kwenye Galaxy S24 Ultra mwanzoni mwa 2024, mtangulizi wake alikuwa na fremu ya aluminiamu, na uzito ukabaki takriban uleule. Aluminiamu tayari ni nyepesi kuliko titani. Neno lilikuwa moja kwenye matangazo ya kampuni zote mbili, ila faida haikuwa moja.

Kwa iPhone 15 Pro inabidi tutende haki. Ilipotoka, malalamiko ya kupata moto yalienea, na wengi wakaitupia lawama titani palepale. Apple ilisema chanzo ni hitilafu ya iOS 17, mfumo endeshi wa iPhone, pamoja na baadhi ya programu zilizokuwa zikiibebesha prosesa mzigo kupita kiasi, ikatoa iOS 17.0.3, na ikakanusha kwamba muundo wa titani ndio tatizo. Ukiichunguza fremu yenyewe, titani ni ukanda wa nje tu uliounganishwa na kiunzi cha aluminiamu ndani, na kiunzi hicho ndicho kinachobeba kazi ya kusambaza joto. Hoja ya Apple inaingia akilini. Hata hivyo, angalia walichofanya baadaye. Mwaka 2025, iPhone 17 Pro ilirudi kwenye aluminiamu, safari hii bodi ikiwa kipande kimoja, na ndani yake ikawekwa chemba ya mvuke ya kupoza chipu ya A19 Pro. Titani ikaachiwa iPhone Air, ambayo sifa yake kuu ni wembamba. Kwa mtazamo wangu huo ndio uamuzi bora wa malighafi tuliouona kwenye simu za juu kwa muda mrefu, na unanifurahisha hasa kwa sababu haukuwa rahisi kuutangaza. Kurudi kwenye metali ya bei nafuu zaidi baada ya kuisifia ya ghali kwa miaka miwili kunahitaji mtu ndani ya kampuni aliyeshinda hoja kwa vipimo.

Chemba ya mvuke yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana watu huitaja kwenye orodha ya sifa kama pambo. Ni chombo bapa, chembamba sana, kilichofungwa kabisa, chenye maji kidogo mno ndani. Upande unaogusana na chipu ukipata joto, yale maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia sehemu zilizopoa, huko hugeuka maji tena na kuachia joto, kisha maji hunyonywa na kuta zenye vinyweleo hadi yalikotoka. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka. Lakini joto lile likishasambazwa bado linahitaji mahali pa kwenda, na mahali penyewe ni fremu. Chemba nzuri ikizungukwa na metali inayopitisha joto kidogo inafanya nusu ya kazi.

Nikigeukia watu wa prosesa, kosa lao ni kuamini majina. Mfano wangu ninaoupenda ni wa mwaka 2022. Qualcomm ilikuwa na Snapdragon 8 Gen 1 iliyotengenezwa kwenye viwanda vya Samsung kwa mchakato ulioitwa wa nanomita 4. Miezi michache baadaye ikaja Snapdragon 8+ Gen 1, usanifu ukiwa kimsingi uleule, lakini ikitengenezwa na TSMC, kampuni ya Taiwan inayowatengenezea wengine chipu, kwa mchakato ambao nao uliitwa wa nanomita 4. Qualcomm yenyewe ilitangaza kwamba CPU (sehemu ya hesabu za jumla) na GPU (sehemu ya michoro) za toleo hilo jipya zinatumia umeme vizuri zaidi kwa hadi asilimia 30. Karatasi ya sifa ya simu hizo mbili ingekuonyesha namba ileile ya nanomita, na tofauti pekee kwenye jina ingekuwa alama ya kujumlisha. Nanomita siku hizi ni jina la kizazi cha teknolojia; hakuna kitu ndani ya chipu ambacho ukikipima utapata 4 hiyo. Ndiyo maana nikiona mtu anahitimisha ubishi kwa kusema hii ni nanomita 3 na ile ni 4, najua ubishi haujaanza.

Kuna jambo zito zaidi hapo, nalo ni simu moja kuuzwa na chipu mbili. Kwa miaka mingi Galaxy S zimekuwa na Exynos kwenye baadhi ya masoko na Snapdragon kwenye mengine. Galaxy S23 zikawa na Snapdragon duniani kote, kisha S24 na S24+ zikarudi kwenye mgawanyo, Exynos 2400 huku na Snapdragon 8 Gen 3 kule, huku Ultra pekee ikibaki na Snapdragon kila mahali. Mwaka 2025 S25 zote tatu za uzinduzi zikaja na Snapdragon 8 Elite. Sina ugomvi na Exynos kwa jina lake. Ninachokipinga ni boksi lenye picha moja na jina moja kumpa mnunuzi mmoja chipu hii na mwingine chipu ile, halafu wote wakasome tathmini ileile. Mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua kabla hajakifungua, na haki hiyo haipaswi kutegemea kama ana muda wa kupekua namba za modeli.

Ukitaka kuona mijadala yote miwili ndani ya kifaa kimoja, rudi kwenye Galaxy S6 ya mwaka 2015. Kwa miaka Samsung ilikuwa imelaumiwa kwa plastiki, na hatimaye ikasikiliza: ikaleta kioo mbele na nyuma na fremu ya aluminiamu. Ilikuwa simu nzuri kwa macho, hilo nalikubali. Bei ya uzuri huo ilikuwa betri isiyotolewa tena kwa kucha, nafasi ya kadi ya memori ikaondoka, na ulinzi dhidi ya maji uliokuwepo kwenye S5 ya plastiki nao ukaachwa. Sisi wapenzi wa simu ndio tuliopiga kelele kuhusu plastiki, na kelele zetu zilipata majibu. Wakati huohuo, upande wa chipu, Samsung iliikwepa Snapdragon 810, iliyokuwa na sifa mbaya ya kupata moto, ikaweka Exynos 7420 yake ya nanomita 14. Uamuzi wa pili ulimfaa mtumiaji kuliko wa kwanza, lakini uliopigiwa makofi zaidi ni wa kwanza.

Plastiki naitetea bila aibu. Inakubali mawimbi ya antena kupita, inakubali kuchaji bila waya, haipasuki kirahisi ikianguka, na ni nyepesi. Galaxy S21 ya 2021 ilikuja na mgongo wa polikaboneti na ikashuka bei ya kuanzia Marekani hadi dola 799, na bado watu wakaisema kwa mgongo huo kuliko kwa kitu kingine chochote. Kioo cha nyuma kilirudi kwenye iPhone mwaka 2017 kwa sababu halali kabisa: kuchaji bila waya hakupiti kwenye mgongo wa metali. Plastiki ingeifanya kazi hiyohiyo. Udhaifu wake ni kwamba inazuia joto, na hilo lina dawa kama joto limepewa njia ya kutokea kupitia fremu ya aluminiamu na upande wa skrini. Isitoshe, watu wengi huvalisha simu kava siku ileile ya kuinunua. Baada ya hapo titani au kauri hakuna anayeigusa, ila joto lile bado linaongezewa tabaka lingine la kupita.

Najua pingamizi linalokuja: mtu wa kawaida hachezi gemu nzito, haya yote yanamhusu vipi? Yanamhusu kila anaporekodi video ndefu ya 4K juani. Kwanza mwangaza wa skrini unashuka wenyewe, halafu huoni vizuri unachokirekodi, kisha tochi inakataa kuwaka, na mwisho kamera inakutaka usubiri simu ipoe, tukio likiwa linaendelea mbele yako. Yanamhusu akitumia ramani akiwa safarini huku simu inachaji. Na yanaihusu betri, kwa sababu betri za lithiamu huzeeka haraka zikiishi kwenye joto. Google ilipoahidi miaka 7 ya masasisho kuanzia Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata kwa S24, swali la joto lilipata uzito mpya. Masasisho ya miaka 7 kwenye simu ambayo betri yake imechoka mapema yanamfaidi nani?

Basi mtu akiniuliza anunue ipi kati ya simu mbili za juu, siangalii kwanza alama ya kilele. Natafuta jaribio la mfululizo, kwa mfano lile la 3DMark, programu ya kupima uwezo wa michoro, linalorudia mzunguko wa dakika moja mara 20, nione mzunguko wa mwisho umebaki na kiasi gani cha ule wa kwanza, na bodi imefika nyuzi ngapi. Chipu yenye alama ndogo kidogo inayoshikilia kasi yake hadi dakika ya 20 ina thamani kubwa kwangu kuliko inayong'ara dakika ya pili na kuporomoka dakika ya sita. Mwaka 2022 Geekbench, programu maarufu ya kupima kasi, iliziondoa baadhi ya Galaxy S kwenye orodha yake baada ya kubainika kwamba programu ya Samsung ya kusimamia gemu ilipunguza kasi ya programu nyingi huku ikiziacha za vipimo zikimbie huru. Tangu hapo kila anayetathmini simu alipaswa kuweka grafu ya dakika 20 juu ya alama ya kilele, na wengi bado hawajafanya hivyo. Hilo ndilo ningependa tulidai kwa sauti ileile tuliyotumia kuidai titani.